Nina utitiri mpya ila jina lake siwezi kuwatajia

Kila nikiposti picha za darubini lazima mtu aulize "sasa huyo mdudu anaitwaje?" Haitwi bado. Saivi ana namba ya kichupa tu na kikaratasi ndani kilichoandikwa kwa penseli, penseli kwa sababu wino ukikutana na spiriti unayeyuka, na ukija kufungua kabati baada ya mwaka unakuta mdudu usiyejua katoka mlima gani, na mdudu asiyejulikana katoka wapi ni vumbi tu, hana kazi. Jina ninalo, liko kichwani na liko kwenye makala ambayo wahakiki wa jarida la kisayansi wanayo, ila hapa siliandiki na sio kwamba naringa jamani. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinataka jina litoke siku moja na maelezo ya mnyama mwenyewe, kwenye chapisho rasmi. Likitangulia kutoka kwenye blogu, tupu, bila maelezo, linakuwa halina hadhi yoyote ila linabaki linazurura mtandaoni linachanganya watu. Kwa hiyo leo atakuwa "huyu wa Amani" basi, Amani ule msitu wa milima ya Usambara nilikomtoa.

Tuanze na ni nani. Ni utitiri, ila sio ule wa kuku. Mama mdogo aliposikia nimeingia kwenye utafiti wa utitiri alinishauri kwa moyo safi nimwage majivu bandani, na mpaka leo nikienda kwake naona anavyoniangalia nikikaa kwenye kochi lake. Huyu wangu hang'ati mtu, hanyonyi damu, hana hata habari na wewe. Anakaa kwenye mboji, ile tabaka ya majani yanayooza juu ya udongo wa msitu, anakula kuvu na majani na vijiti vilivyokwisha lainika, anatoa kinyesi kidogo sana ambacho bakteria na kuvu wanakimalizia, na huo ndo mchango wake. Wenye fani wanawaita Oribatida. Ni ndugu wa kupe, na kwa mbali buibui, spishi zilizokwishapewa majina zinapita 11,000, na mabaki yao kwenye miamba yana miaka kama milioni 380, yaani walikuwepo kabla ya dinosaria na kabla ya ua la kwanza kuchanua duniani.

Wafugaji mna undugu nao hata kama hamjui. Yule mnyoo tegu wa mbuzi na kondoo, Moniezia, ambaye mnaona vipande vyake vyeupe kwenye kinyesi cha wanakondoo, hawezi kutoka mnyama mmoja kwenda mwingine bila kupita kwenye tumbo la utitiri wa jamii hii. Utitiri anakula yai la mnyoo malishoni, mbuzi anakula nyasi na utitiri akiwa humohumo, mchezo umeisha. Mmarekani mmoja Stunkard ndo aliliweka wazi hilo mwaka 1937, kabla ya hapo watu walikuwa wanakuna vichwa tu. Huyu wa Amani hakai malishoni lakini nalisema hili kwa wale wanaoniuliza kila siku utitiri wa udongo una faida gani au hasara gani, haya shika hiyo.

Ndani ya Oribatida kuna familia inaitwa Phthiracaridae, jaribu kutamka ukiwa na njaa uone. Hao ndo wangu. Mgongo wao ni gamba moja gumu la mviringo, mbele kuna kifuniko, na ukimgusa anavuta miguu yote minane ndani halafu kifuniko kinashuka kinaziba, kobe kabisa, ila kobe wa nusu milimita ambaye ukipiga chafya umempoteza. Watoto wao hutawajua kabisa, ni weupe, laini, wanaishi ndani ya vijiti vilivyooza wanavichimba kwa kuvila, na anapotoka kwenye yai ana miguu sita tu, ya saba na ya nane inakuja baadaye akijibadilisha gamba. Zamani watu walishapata watoto na wakubwa wa spishi moja wakawapa majina mawili tofauti, na bado tunasafisha huo mchanganyiko.

Amani iko Usambara Mashariki, unapandia Muheza. Wajerumani walijenga pale taasisi ya utafiti mwaka 1902, wakapanda miti ya kila pembe ya dunia, na ndo maana ukitembea leo unakuta msitu wa asili umechanganyika na wageni, kuna mti mmoja Maesopsis umeingia mpaka ndani unajiotea wenyewe tu. Mimi nilitaka mboji ya msitu ambao haujaguswa sana, vibali vya COSTECH, tume ya sayansi ya serikali, mkononi na ruhusa ya wenye hifadhi, maana siku hizi hubebi hata kijiko cha udongo bila karatasi na ni sawa kabisa, tumeibiwa vya kutosha.

Tukiwa tunachota chini ya mti mmoja mkubwa njia ya Kwamkoro akapita mzee mmoja na panga lake. Shikamoo mzee. Marahaba binti. Akasimama anaangalia mifuko. "Udongo huo mnaupeleka wapi?" Nikamwambia tunatafuta wadudu. "Wadudu," akarudia, akamgeukia kijana wa boda aliyetuleta kama anatafuta shahidi. Sikumlaumu, kule Sakale milima hiyohiyo watu walishavamia kuchimba dhahabu miaka ya 2000 kwa hiyo mtu akija na koleo na mifuko anasema anatafuta wadudu hata wewe ungejiuliza mara mbili. Nikampa kioo cha kukuzia nikamwonyesha mmoja anatembea kwenye jani, pole pole, hana haraka na maisha. Akaangalia muda mrefu. "Sasa huyu anamsumbua nani?" Hamsumbui mtu, mzee. "Basi si mngemwacha," akaenda zake.

Kuwatoa kwenye mboji hakuna ujanja mpya, tunatumia kitu alichobuni Muitaliano Antonio Berlese mwaka 1905 na Mswidi Tullgren akaja kukiboresha 1918 kwa kuweka balbu. Unaweka mboji juu ya wavu, chini yake faneli, chini ya faneli kichupa cha spiriti, juu taa. Joto linakausha mboji kutoka juu, mdudu anayependa unyevu anakimbilia chini, anashuka, anashuka, mwisho anadondoka. Inachukua siku kadhaa na haitaki papara, ukiweka balbu kali wanakaukia njiani kabla hawajafika. Wavu wangu ni chujio la chai na faneli zangu ni chupa za maji ya lita kumi na mbili zilizokatwa shingo, na zinafanya kazi vizuri tu kuliko watu wanavyofikiria. Adui ni umeme. Ukikatika usiku mboji inapoa, wadudu wanatulia zao palepale walipo, ukirudi unaanza kuwashawishi upya.

Halafu unamwaga kichupa kwenye kisahani unaweka chini ya darubini na hapo ndo unaelewa kwa nini watu wanazama kwenye hii fani hawatoki. Kuna weusi wanaong'aa, kuna wa rangi ya asali, kuna wenye mabawa wanayokunja kufunika miguu, kuna waliojibebesha magamba yao ya utotoni mgongoni yote. Ni utitiri wa utitiri. Huyu wa Amani alikuwa kahawia hafifu, amejifunga, hana mbwembwe, na ningempita kama sio vinywele vyake vya mgongoni ambavyo havikukaa nilivyozoea kuviona.

Na hapa ndo nifike kwenye jambo lenyewe lililonifanya niandike. Watu wanadhani kazi ni kumpata mdudu mpya. Kumpata sio kazi! Chukua mboji ya mlima wowote wa Tao la Mashariki, ipitishe kwenye faneli, nakuhakikishia kuna uwezekano mkubwa humo ndani kuna ambaye hajapewa jina. Kazi ni kuthibitisha kwamba hakuna mtu, popote, wakati wowote tangu mwaka 1758 ambao Linnaeus anahesabika kuanza hii biashara, aliyeshampa jina huyuhuyu. Yaani unathibitisha kitu hakipo, na kila mtu anajua ilivyo taabu kuthibitisha kitu hakipo.

Unaanzia kwenye orodha ya Subías wa Madrid, huyu mzee alitoa mwaka 2004 orodha ya Oribatida wote wa dunia na amekuwa akiisasisha, ipo bure mtandaoni, imeandikwa Kihispania lakini majina ni majina utaelewa tu. Ana tabia ya kuunganisha jenasi, yaani makundi ya spishi za karibu, ambazo wenzake wanaziona tofauti na watu wanagombana naye, kwa hiyo spishi unayoitafuta huenda ukaikuta chini ya jina ambalo hukulitarajia. Ukishapata wa jenasi yako wote waliotajwa Afrika unaanza kusaka maelezo ya asili ya kila mmoja. Hapo sasa ndo lugha zinaanza. Msafara wa Waswidi wa Sjöstedt ulipita Kilimanjaro na Meru 1905 hadi 1906, utitiri wake ukaandikwa na Trägårdh mwaka 1908, kwa Kijerumani. Balogh wa Hungaria akatoa kazi yake ya utitiri wa Afrika Mashariki mwaka 1959, mwenzake Mahunka naye akaendelea na wa kwetu baadaye. Niedbała wa Poland ndo bingwa wa hawa wanaojifunga na mwaka 2001 alitoa kazi kubwa ya wale wa Afrika, hiyo imenikaa mezani mpaka imechakaa kona.

Ukiangalia hayo majina yote hakuna hata mmoja anayetoka kwetu. Sisemi kwa ubaya, wangekuwa hawakuja tusingekuwa na hata pa kuanzia, na Balogh namheshimu sana. Lakini ina gharama zake. Mdudu aliyechukuliwa mlima unaouona ukiwa barazani kwenu, yule mmoja anayebeba jina, ambaye wengine wote wanalinganishwa naye, yuko kwenye kichupa Ulaya, na ukitaka kujua kama huyu wako ni yeye unaandika barua pepe unabembeleza upigiwe picha. Wengi wa watunza mikusanyo ni watu wema sana, wanajibu, wanapiga picha za pembe zote. Mmoja hajajibu mpaka leo na sitamtaja. Na maelezo ya zamani ni mafupi balaa, mistari kumi na kimchoro kimoja cha mgongo, miguu hakuna, chini hakuna, kwa sababu wakati huo spishi zilikuwa chache na mistari kumi ilitosha kumtofautisha. Leo mistari hiyo kumi inawafaa wadudu watano.

Kwa hiyo unamfungua mdudu uone mwenyewe. Huyu anakufa amejifunga, ukimtoa kwenye spiriti umeshika duara tu. Unamweka kwenye asidi laktiki, unapasha moto kidogo, gamba linaanza kuwa angavu na linalegea, halafu unamlaza kwenye slaidi yenye kishimo, nusu yake unaifunika kwa kioo chembamba, na kioo hichohicho ukikisukuma kidogo mdudu anabingirika, unamwona ubavu, tumbo, uso. Kisha sindano mbili nyembamba, moja inashika mgongo nyingine inanyanyua kifuniko mpaka kinaachia. Pumzi unabana. Ukifanikiwa unakuwa na kifuniko peke yake, na juu yake jozi za vinywele, na kila upande kikombe kidogo ambacho ndani yake kunatoka unywele mmoja mrefu wa kuhisi mitikisiko. Wa huyu wa Amani umetanuka mwishoni na una vijimiba vidogo kwenye ukingo wa mbele tu, nyuma laini. Mgongoni jozi kumi na tano za vinywele, hiyo ni kawaida ya familia, ila mbele ni vifupi vimelala na nyuma ni virefu vimesimama, na hilo kwenye wenzake wa jirani sijaliona. Halafu sahani za uzazi na za haja, unahesabu vinywele, halafu miguu, na miguu ndo inayochosha kwa sababu kila pingili ina idadi yake na mpangilio wake na kuna vinywele viwili vinavyotokea tundu moja ambavyo kama mwanga haukukaa vizuri unaona kimoja.

Majina ya vinywele hivyo vyote tumeachiwa na Mfaransa François Grandjean, aliyezaliwa 1882 akafa 1975. Huyu alikuwa mtu wa migodi na mawe, alishawahi kuchunguza fuwele za kimiminika kabla hajahamia kwa utitiri, na kwa sababu alizoea mwanga wa kupima madini akamwekea utitiri mwanga huohuo akakuta vinywele vya baadhi yao vinang'aa na vya wengine having'ai. Ukoo mzima wa utitiri ukagawanyika mara mbili kwa jambo hilo. Napenda sana watu wa namna hiyo, wanaohama fani wakabeba vifaa vyao.

Mtu wa kompyuta ataniambia pima DNA umalize. Tumepima, nzuri, inasaidia kujua kama huyu mtoto mweupe ndani ya kijiti ni wa yule mkubwa kahawia. Lakini wa mwaka 1908 hana DNA ya kulinganisha, ana mistari kumi na mchoro. Mpaka mtu arudi mlima uleule akamchote upya, umbo ndo linaamua.

Na mmoja hatoshi. Ukiwa na mdudu mmoja mwenye kinywele cha ajabu hujui kama ni spishi au ni kilema, na hawa wana tabia ya kuwa na vinywele sita kulia na vitano kushoto kama hakuna kitu kilichotokea. Nilisubiri mpaka nikawa na wa kutosha kutoka zaidi ya sehemu moja ndo nikaanza kuchora, kwa penseli kwanza, kwa kile kioo cha darubini kinachokuonyesha mkono wako juu ya mdudu, halafu wino, halafu laptopu. Picha peke yake haitoshi kwa sababu kamera inaona uchafu wote, mchoro unaonyesha kilichopo.

Jina sasa. Njia rahisi ni kumpa mahali, usambarensis, amaniensis, na ndo wanavyofanya wengi mpaka ukisoma orodha unachoka, kila mdudu ni wa Usambara. Ukimpa mtu jina inaishia na -i kwa mwanaume, -ae kwa mwanamke, na kujipa jina lako mwenyewe hakujakatazwa ila utachekwa mpaka uzeeni. Wengine wanacheza kabisa, kuna jenasi ya utitiri wa udongo Australia inaitwa Darthvaderum tangu 1996 kwa sababu mdomo wake kwenye darubini ya elektroni ulimkumbusha mtafiti Darth Vader, yule jamaa wa kofia nyeusi wa filamu za Star Wars, na mwaka 2021 kuna wa Japani amepewa jina Ameronothrus twitter, picha yake ilionekana kwanza Twitter mtafiti akaiona akashtuka. Huyo sio wa udongo, ni wa bandarini, ila mnaona sasa kwa nini napenda mkiposti picha. Langu mimi nimechagua neno la Kiswahili, naishia hapo maana nikiongeza herufi moja mtabahatisha.

Mwisho kabla hujachapisha lazima useme wazi ni yupi mmoja anayebeba jina na atatunzwa wapi, kuanzia mwaka 2000 bila hivyo jina halisimami, na kama jarida ni la mtandaoni tu unasajili chapisho lenyewe kwanza ZooBank, daftari rasmi la majina ya wanyama. Wenzangu wawili walitaka huyo mmoja aende jumba la makumbusho la Ulaya, hoja yao ni kwamba huku spiriti inakauka kabatini hakuna anayeongeza. Hoja ni ya kweli, nimeona vichupa vikavu kwa macho yangu. Ila mimi nimegoma. Huyo mmoja anabaki nchini, wenzake wa kundi lake wagawanywe makumbusho mawili ya nje, na kuongeza spiriti nimejiandikisha mimi kwenye ratiba, mwaka nitakaohama nitamkabidhi mtu funguo na chupa ya spiriti pamoja. Mtoto wa Muheza akitaka kufanya hii kazi miaka ishirini ijayo apande basi, asiombe viza.

Mhakiki wa kwanza amepita, kasahihisha Kilatini changu. Wa pili kaandika kurasa tatu na karibu zote ni miguu, anataka mguu wa nne uchorwe upya kutoka upande wa pili kwa sababu kile kinywele cha tibia, pingili mojawapo ya mguu, anadai kimeungana na jirani yake na mimi nimechora vimeachana. Nimeangalia, kwa wanne vimeachana wazi, kwa mmoja sielewi. Wiki hii nafungua wengine.